Mashua Zimekwisha, Mfereji Ufanye Kazi Gani?

*Katika safu hii, injinia wetu mstaafu wa maji anajibu barua za wasomaji. Mwezi huu barua tatu zinahusu jambo moja: mifereji ya kale.*

SWALI: Injinia, hujambo? Mimi nauza nafaka hapa Nyamakima, Nairobi. Mchele ndio ulionilea na kunisomeshea watoto. Mwezi Agosti nilikwenda kumtembelea binti yangu anayesomea uuguzi Scotland, na Jumapili moja akanipeleka mji wa Falkirk kuona gurudumu la chuma refu kama jumba la orofa kumi. Linaichukua mashua kwenye mfereji wa chini na kuipandisha hadi mfereji wa juu. Tulipanda, na kwa kweli nilistaajabu. Lakini mimi ni mtu wa hesabu. Nilizitazama zile mashua zote, sikuona hata gunia moja la mzigo. Nikamwuliza binti yangu: pesa zote hizi zilitumika ili watu wapige picha? Hakuwa na jibu. Nieleze tafadhali, mfereji uliokwisha kazi zamani unafufuliwa kwa faida gani? Na sisi huku tuna mifereji kama hiyo, au hayo ni mambo ya Ulaya?
— *Mama wa Nafaka, Nyamakima*

JIBU: Mama, nashukuru kwamba ulipanda kwanza ndipo ukauliza bei. Wengi huuliza bei wakiwa bado nje ya lango.

Tuanze na ulichokiona. Mfereji wa chini ni wa Forth na Clyde, uliofunguliwa mwaka 1790 kuikata Scotland kutoka pwani moja hadi nyingine. Wa juu ni Union, wa mwaka 1822, uendao Edinburgh. Ilijengwa kwa ajili ya makaa ya mawe na mizigo mingine mizito, ambayo farasi mmoja aliweza kuivuta mingi zaidi majini kuliko farasi wengi barabarani. Pale Falkirk mifereji hiyo miwili ilipishana kimo, kwa hiyo ikaunganishwa kwa ngazi za maji 11. Kila ngazi ni chumba cha mawe chenye malango mbele na nyuma: mashua inaingia, lango linafungwa, maji yanajazwa, mashua inapanda kidogo, kisha inaingia chumba kinachofuata. Kuzimaliza zote 11 kulikula karibu siku nzima. Reli ikachukua mizigo, na mwaka 1933 ngazi zikavunjwa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1963, mfereji wa Forth na Clyde nao ukafungwa, kwa sababu barabara kuu ilihitaji kupita na ilikuwa nafuu kuuzika mfereji kuliko kujenga daraja la kupisha mashua.

Gurudumu ulilopanda lilifunguliwa Mei 2002. Lina mabeseni mawili yaliyojaa maji, moja huku na moja kule, kama madumu mawili kwenye mzegazega. Mashua ikiingia kwenye beseni husukuma nje maji yenye uzito sawa na wake. Kwa hiyo beseni lenye mashua na beseni lisilo na mashua yana uzito uleule, na mizani haiinami. Mota zinahitaji kushinda msuguano tu. Kuligeuza kunatumia yuniti 1.5 za umeme, Mama. Yuniti hizi hizi tunazonunua kwa tokeni. Mimi nilifanya kazi na pampu miaka 34, na sijaona mashine nyingine inayoinua tani mamia kwa umeme mdogo hivyo.

Sasa hesabu yako. Mradi mzima, yaani kufungua tena mifereji yote miwili pamoja na gurudumu, uligharimu pauni milioni 84.5. Pauni milioni 32 za hizo zilitoka kwenye mfuko wa bahati nasibu ya taifa. Tiketi uliyolipa wewe na binti yako haiwezi kurudisha fedha hizo, hapo uko sahihi kabisa. Ila wewe ulitazama ndani ya mashua, na faida nyingi iko ukingoni. Kiwanja lilipo gurudumu kilikuwa machimbo ya zamani na kiwanda cha lami, ardhi iliyochafuka ambayo hakuna mtu angeijengea hata kibanda. Ndivyo zilivyokuwa kingo nyingi za mfereji ule: viwanda vilivyofungwa, mabati yenye kutu, takataka. Mfereji ulipofufuliwa, kingo hizo zikapata thamani tena.

Ila mfano ninaoupenda zaidi haukuonyeshwa, kwa kuwa hauna cha kupigwa picha. Ungepanda gari moshi kwenda Glasgow, upande wa kaskazini wa mji, ungeukuta tawi la mfereji uleule likifanya kazi ambayo wachimbaji wa 1790 hawakuiota. Mtaa ule ulikuwa na ardhi tupu hekta 110 ambayo haikuweza kujengwa nyumba, kwa sababu mitaro ya mji ilikuwa imejaa. Ukiongeza mapaa na lami, mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda. Wangeweza kufukua mji mzima waweke mabomba makubwa. Badala yake walitazama mfereji. Sasa vipo vifaa vya kufuatilia hali ya hewa na kina cha maji. Utabiri ukisema mvua kubwa inakuja, malango yanafunguka mapema na maji ya mfereji yanashushwa sentimita 10. Urefu wa kiganja hivi. Lakini sentimita 10 kwenye mfereji mrefu ni nafasi ya mita za ujazo 55,000, na maji ya mvua ya mitaa yanaelekezwa humo. Ardhi iliyokuwa haijengeki ikajengeka.

Niliposoma habari hiyo niliinuka kitini. Fikiria mvua za Aprili na Mei 2024 hapa kwetu. Fikiria mji ungekuwa na pahali pa kuyaweka maji kwa saa sita tu.

Na London, kando ya mfereji wa Regent, watu wanatembeza mbwa juu ya nyaya za umeme wa volti 400,000. Zilizikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 chini ya njia walikopita farasi wa kuvuta mashua, na maji ya mfereji yanazungushwa kuzipoza. Kwa nini wapitishe hapo? Mama, wewe unaishi Nairobi, unajua kilichokwamisha barabara ngapi: fidia. Kila mita mia moja kuna mwenye hati, na mwenye hati wa pili, na kesi mahakamani. Mfereji wa kale ni ukanda wa ardhi uliokwisha kulipiwa na watu waliokwisha kufa, haukatiki, hauna mlima, na umepita katikati ya mji. Hicho ndicho kitu adimu. Maji ni ziada.

Nisikufiche upande mwingine. Pengine mzigo haujafa, mfereji ndio umekuwa mdogo. Kaskazini mwa Ufaransa, mfereji unaoitwa Nord hupitisha mashua za tani 650, na zile kubwa za mito ya Ulaya hukwama mlangoni. Wafaransa wanachimba mpya wa kilomita 107 wa kupitisha tani 4,400, kwa mabilioni ya euro. Hapo hakuna utalii, ni nafaka, mchanga na makontena. Kwa hiyo usikubali mtu akikuambia kila mfereji wa zamani ufanywe bustani. Kwanza ahesabu magunia.

Ulitaka kujua kama sisi tunayo. Unayo dukani kwako. Mchele wa pishori unaoupima kwa kilo unatoka Mwea, na mifereji mikuu ya Mwea ilichimbwa kwa majembe katikati ya miaka ya 1950 na wafungwa wa Mau Mau wakati wa Hali ya Hatari. Nilianza kazi huko mwaka 1979, kijana wa kubeba darubini ya kupimia. Mzee mmoja aliyekuwa na majaruba karibu na mfereji wa Thiba alinipeleka kwenye kona moja akaniambia, "Hapa nilichimba mimi." Alisema kila mtu alipewa kipande chake cha siku, na asiyekimaliza aliona cha mtema kuni. Kisha akaniuliza kama darubini yangu inaona kosa lolote katika mteremko. Nilipima. Halikuwapo. Nilimwambia hivyo, akanyamaza muda mrefu, akaenda kufungua maji yake.

Kwa miaka mingi maji ya mito hayakutosha; wakulima walipeana zamu, na wengi walipanda msimu mmoja kwa mwaka. Bwawa la Thiba lililozinduliwa mwaka 2022 linahifadhi mita za ujazo milioni 15, na sasa msimu wa pili umewezekana. Bwawa ndilo lililopigwa picha na kukatiwa utepe, lakini maji yake yanafika shambani kwa njia ile ile ya majembe. Mimi ningependa pawe na kibao kwenye ile kona.

Naombwa mara kwa mara nitoe maoni kuhusu kuifunika mifereji kwa paneli za jua. Gujarat, India, walifanya hivyo mwaka 2012: mita 750 za mfereji, megawati 1 ya umeme, na kivuli kikapunguza maji yanayopaa. Wazo ni zuri, na Mwea kuna jua. Lakini aliyewahi kuona mfereji wa Mwea ukizolewa tope anajua mkono wa mashine unahitaji nafasi juu. Paneli zikae upande mmoja, au ziwe za kufunguka. Zisipokuwa hivyo, baada ya misimu michache utakuwa na umeme na hutakuwa na maji.

Na ipo mikongwe zaidi. Ukingo wa Kerio, Wamarakwet wana mifereji iliyochimbwa kabla mkoloni hajafika, inayotoka mito ya mlimani na kuning'inia kwenye majabali kwa magogo, mawe na matawi. Kila ukoo una zamu yake ya maji na zamu yake ya ukarabati. Hapa naomba nikiri jambo. Nilipokuwa na umri wa miaka 38 shirika lililoniajiri lilinituma kwenda "kuuboresha" mmoja. Tulijenga banio la saruji mtoni, yaani ukuta wa kugeuza maji yaingie mferejini, imara, nikalipigia picha. Wazee walisema mto hautalipenda. Nilidhani wanazungumza mambo ya mizimu. Walikuwa wanazungumza mambo ya mawe: mafuriko ya mto ule huviringisha majabali makubwa, na banio la matawi huvunjika, maji yakapita, likajengwa upya kwa siku tatu. Langu halikuvunjika mara moja. Liliyazuia mawe hadi mto ukatafuta njia pembeni, ukalizunguka. Mfereji ukakaa mkavu misimu miwili, tukingoja bajeti. Watu walipoteza mtama na mahindi kwa sababu yangu. Wazee hatimaye walirudi juu kidogo ya banio langu wakaweka matawi.

Kwa hiyo, Mama, mradi mkubwa ukifika kwenye mfereji wa zamani, naangalia kama waliokuwa wakiutunza wameketi mezani kabla mchoro haujakamilika.

Nikuachie na mmoja wa pwani, kwa kuwa unahusu mzigo. Karne ya 19, mtawala wa Witu alichimbisha mfereji mwembamba, Belezoni, kuunganisha mto Tana na mto Ozi, ili mitumbwi ipite bila kulazimika kuingia baharini. Mfereji ulifanya kazi kuliko alivyotaka. Tana iliona njia fupi, ikaupanua, na mto mkubwa kuliko yote Kenya ukahama. Leo unamwaga maji karibu na Kipini. Mdomo wake wa zamani ulibaki na maji ya chumvi.

SWALI: Injinia, mimi ni kijana wa Mathare. Nyumba yetu ilibomolewa mwaka 2024 baada ya mafuriko kwa sababu ilikuwa kando ya mto. Sasa tunasikia mto Nairobi utatengenezwa uwe kama ule wa Seoul, watu wengine wanasema hata mashua zitapita. Ni kweli inawezekana? Na sisi tuliotolewa tutapata nini?
— *Msomaji, Mathare*

JIBU: Mwanangu, pole kwa nyumba. Mashua usizingojee. Mto wetu ni mwembamba, unateremka kwa kasi, na wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya unachokiona kikitiririka ni maji taka. Pa mashua palikuwa Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kando ya Kibera. Wazee wa umri wangu waliona tanga pale. Baadaye likafunikwa na magugu.

Kuhusu Seoul, jua kilichofanyika. Kijito cha Cheonggyecheon kilikuwa kimefunikwa kwa zege, na juu yake barabara ya ghorofa. Kati ya 2003 na 2005 waliibomoa barabara na kufungua kilomita 5.8 za maji. Ni pazuri, joto limepungua, na biashara kando yake zimechangamka. Lakini maji yale mengi yanapandishwa kwa pampu kutoka mto Han, kila siku, na bili ya umeme inakuja kila mwezi. Na kabla ya maji safi kuonekana, pande zote mbili yalilazwa mabomba ya kukinga maji taka. Bila hayo ungekuwa na mtaro wa uchafu wenye taa nzuri.

Mradi wa Nairobi uliozinduliwa Machi 2025 unagusa kilomita 27 hivi za mto, na mabomba makuu ya maji taka yamo ndani yake. Nenda ukatazame kazi ya mabomba. Ukiona vijia vya kutembea na viti vinakamilika mabomba yakiwa bado, piga kelele.

Utapata nini? Nitakuambia kilichowapata wachuuzi wa Seoul. Walihamishiwa uwanja wa michezo wa Dongdaemun, wakaambiwa hilo ndilo soko lao. Miaka michache baadaye uwanja nao ukabomolewa, wakahamishwa tena. Ndiyo maana nakusihi, wewe na wenzako mliotolewa, mwe na orodha yenu: jina, mahali nyumba ilipokuwa, miaka mliyoishi, picha kama ipo. Iandikeni sasa wakati majirani bado wanakumbukana. Ardhi ya ukingoni itapanda thamani, hilo sina shaka nalo, na kwenye mkutano wa umma mwenye orodha husikilizwa kuliko mwenye hasira, hata kama hasira yake ni ya haki. Mkihitaji mtu wa kuwasomea michoro, mhariri anajua pa kunipata. Nitakuja, silipwi.

SWALI: Kwetu Ruiru kuna mfereji wa zamani uliokuwa ukipeleka maji kiwanda cha kahawa. Kiwanda kimefungwa, maji bado yanapita. Tunaweza kupata umeme?
— *Kikundi cha vijana, Ruiru*

JIBU: Pengine. Kituo cha Ndula karibu na Thika kilianza kutoa umeme wa maji miaka ya 1920, kwa hiyo mito ya upande wenu inajulikana kwa kazi hiyo. Ila msinunue mashine yoyote kabla ya kupima, maana wauzaji ni wengi.

Chagueni sehemu iliyonyooka ya mita 10. Tupieni gunzi la mahindi, hesabuni sekunde hadi lifike mwisho. Gawanya 10 kwa sekunde hizo, kisha zidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Zidisha kwa upana na kwa kina, vyote kwa mita. Hayo ndiyo maji yenu kwa sekunde. Halafu pimeni maporomoko: kutoka mfereji hadi mtoni ni mita ngapi kwenda chini? Maji mara maporomoko mara 9.8 ni kilowati za kwenye karatasi. Mfano, mfereji wenye upana wa mita 1, kina nusu mita, gunzi likienda mita 0.6 kwa sekunde, na maporomoko mita 4, mnapata kilowati 10. Mkononi zitabaki kama 6. Zinatosha taa za nyumba kadhaa na mashine ya kupozea maziwa. Kinu cha kusaga kitalemewa.

Pimeni Februari, kabla ya mvua, na tena Septemba, kwa sababu umeme wa Mei humdanganya kila mtu. Pia ulizeni jirani wa chini anayetumia maji hayo kumwagilia sukuma wiki, kisha mwende Mamlaka ya Rasilimali za Maji kuulizia kibali. Mkishapata namba zenu mbili za kiangazi, niandikieni tena, na mniambie pia kama ukuta wa mfereji unavuja.